Shajara ya Mradi: Michezo ya Kubungua Bongo kwa Vikundi katika Madarasa ya Kifaransa

Maandalizi, kabla ya muhula kuanza

Mradi huu unachunguza ni kwa masharti gani michezo ya kubungua bongo kwa vikundi, ambamo kila mmoja hutoa mawazo mengi kuhusu swali lisilo na jibu moja, humwezesha mwanafunzi wa lugha ya kigeni kusema mengi zaidi, na kuyasema kwa sentensi kamili badala ya neno mojamoja. Madarasa yanayohusika ni mawili ya Kifaransa, na wanafunzi wake wote wamekwisha kupita ngazi ya A1 na wanaelekea kukamilisha A2, yaani ngazi mbili za mwanzo katika mizani ya Ulaya ya umahiri wa lugha. Wanaweza kujitambulisha, kueleza ratiba ya siku na kusimulia kwa ufupi jambo lililopita, lakini hukwama mara tu wanapoulizwa maoni ambayo hawakuyaandaa. Darasa moja ninalifundisha mimi na la pili analifundisha mwenzangu, na tumekubaliana kwamba kila mchezo utajaribiwa katika madarasa yote mawili kabla ya kuandikwa humu.

Tumechagua bungua bongo kwa sababu ya aina ya swali linaloianzisha. Maswali mengi ya darasa la lugha yana jibu moja ambalo mwalimu tayari analijua, na mwanafunzi naye anajua kwamba mwalimu analijua, hivyo anapojibu huwa anathibitisha tu kwamba amesoma. Swali la bungua bongo halina jibu la namna hiyo. Mwanafunzi akisema kwamba mwavuli uliovunjika unaweza kugeuzwa kuwa antena ya redio, hakuna mtu darasani aliyelijua wazo hilo kabla hajalitamka, na kwa hiyo wenzake wana sababu ya kweli ya kumsikiliza. Sababu hiyo ni adimu sana katika darasa la lugha, na tunaamini inafaa kutafutwa kwa bidii.

Mbinu yenyewe haikuzaliwa darasani. Aliyeipa umaarufu ni Alex Osborn, mtaalamu wa matangazo ya biashara wa Marekani, ambaye katika maandishi yake ya mwaka 1953 alieleza kanuni nne: kuhukumu kuahirishwe, mawazo yawe mengi kadiri iwezekanavyo, mawazo ya ajabuajabu yakaribishwe, na kila mmoja awe huru kuunganisha au kuboresha wazo la mwingine. Kanuni hizo ziliwalenga watu waliokuwa wakizungumza lugha waliyoizoea. Kuzihamishia kwa msemaji ambaye bado anahangaika na vitenzi ni kazi nyingine kabisa.

Kuna utafiti ambao hauwezi kupuuzwa na yeyote anayetaka kupanga michezo hii. Mwaka 1958 Donald Taylor na wenzake wawili wa Chuo Kikuu cha Yale walilinganisha vikundi vya watu wanne waliobungua bongo pamoja na watu wannewanne waliofanya kazi kila mmoja peke yake, kisha mawazo ya hao wa pili yakajumlishwa na yaliyojirudia yakahesabiwa mara moja tu. Waliofanya kazi peke yao walitoa mawazo mengi zaidi. Mwaka 1987 Michael Diehl na Wolfgang Stroebe walizipima sababu zilizokuwa zikitajwa, ikiwamo woga wa kuhukumiwa na tabia ya kutegea wenzako, wakaona kwamba kizuizi kikubwa zaidi ni zamu yenyewe: mtu mmoja tu ndiye anayeweza kusema kwa wakati mmoja, na wengine wanapomsubiri mawazo yao husahaulika au huanza kuonekana hayafai.

Katika lugha ya kigeni mzigo huo huongezeka maradufu. Anayesubiri zamu hashiki wazo peke yake. Anashika pia sentensi aliyokwisha kuiunda kichwani, pamoja na kitenzi alichokinyambua, yaani alichokibadili kulingana na mtenda na wakati, na jinsia ya nomino aliyoamua kuitumia, kwa kuwa kila nomino ya Kifaransa ni ya kiume au ya kike, na vyote hivyo vinaweza kuporomoka anapoanza kumsikiliza mwenzake. Kwa sababu hiyo tumeamua kwamba kila mchezo katika mradi huu utaanza kwa muda wa kuandika kimyakimya, kila mtu na karatasi yake, na mazungumzo yatafuata baadaye.

Vipindi vya mwanzo: petit bac

Tulianza na mchezo ambao Wafaransa huuita *petit bac*. Herufi moja hutajwa, wachezaji huandika haraka neno linaloanza na herufi hiyo katika kila safu, kama vile nchi, mnyama, kazi na kitu cha nyumbani, na jibu ambalo hakuna mwingine aliyeliandika hupata pointi nyingi kuliko lililorudiwa. Tuliufanya uwe wa vikundi: kila mmoja anaandika peke yake kwanza, kisha kikundi kinachagua kwa pamoja jibu ambalo kinaamini vikundi vingine havitakuwa nalo.

Darasa lilichangamka sana, na hata waliozoea kukaa nyuma walisogeza viti mbele. Hata hivyo, tulipozunguka kusikiliza, tulibaini kwamba hatua ya kuchagua ilifanyika karibu yote katika lugha yao ya kila siku, na Kifaransa kilichosikika kilikuwa nomino tupu zisizo hata na kibainishi, yaani neno dogo kama *le* au *une* linalotangulia nomino na kuonyesha jinsia yake. Hilo halikutushangaza, kwa sababu pointi zilitolewa kwa neno tu. Mchezo ulitupa kile hasa ulichokuwa umeahidi kukilipia.

Huo ndio umekuwa msingi wa yote yaliyofuata: kanuni ya pointi ndiyo inayoamua ni lugha gani itatumika mezani. Mwalimu anaweza kusisitiza sentensi kamili kwa maneno mengi kadiri apendavyo, lakini mchezo ukiwa unalipa maneno, wanafunzi watatoa maneno, na wana haki.

Tuliibadili kanuni mara moja. Neno lisilo na *le*, *la*, *un* au *une* halipati pointi. Badiliko hilo dogo lilionekana katika kipindi kilichofuata, kwani kwa mara ya kwanza tulisikia vikundi vikinong'ona *un ou une ?*, ni ya kiume au ya kike, na mtu akifungua daftari lake kuhakikisha, jambo ambalo mazoezi ya kujaza nafasi hayakuwahi kulileta kwa hiari. Tumeubakiza mchezo huu kama wa kupasha moto mwanzoni mwa kipindi, usiozidi dakika chache, kwa sababu unamlazimisha mwanafunzi kukumbuka maneno aliyojifunza zamani. Kwa kazi ya kuunda sentensi tulihitaji mchezo mwingine.

Mwavuli uliovunjika

Mwanasaikolojia wa Marekani J. P. Guilford aliutumia sana mtihani ambao mtu huombwa kutaja matumizi mengi ya kitu cha kawaida, kama vile tofali. Majibu hupimwa kwa wingi wake, kwa kutofautiana kwake, kwa upekee wake na kwa jinsi yalivyofafanuliwa. Sisi tuliuchukua kama mchezo, na kitu tulichokichagua kilikuwa mwavuli uliovunjika.

Jambo lililochukua muda wetu mwingi ni kuamua wanafunzi watatumia kiunzi gani cha sentensi. Tuliteua *on pourrait*, yaani tungeweza, na ninataka kueleza sababu kwa kirefu, kwa kuwa uteuzi huu umeuathiri mradi mzima. Kiunzi hiki hufuatwa na kitenzi katika umbo lake la kamusi. Mwanafunzi anayejua *planter* (kupanda), *accrocher* (kutundika) na *mettre* (kuweka) kama yalivyo katika orodha ya msamiati anaweza kusema wazo lake papo hapo bila kunyambua chochote, na wakati huohuo anakuwa ametamka sentensi sahihi ya pendekezo ambayo Mfaransa yeyote angeitumia katika mkutano. Ni viunzi vichache sana vinavyompa mwanafunzi wa A2 uhuru wa namna hiyo kwa gharama ndogo kiasi hicho. Kiunzi cha pili, *et si on* (vipi kama tunge-), kikifuatwa na kitenzi katika wakati uliopita uitwao *imparfait*, tulikiweka akiba kwa vikundi vilivyokuwa tayari, kwa sababu kinadai unyambuaji.

Pointi ziligawanywa hivi. Wazo lililotolewa kwa *on pourrait* lilipata pointi moja, ilimradi liwe la aina tofauti na yaliyotangulia. Kujikinga na jua na kujikinga na mvua vilihesabiwa kuwa wazo moja. Jibu lililochukua wazo la mwenzako na kulisogeza mbele kwa kuanza na *oui, et en plus*, yaani ndiyo, na zaidi ya hayo, lilipata pointi mbili. Kwa maneno mengine, kanuni ya nne ya Osborn, ile ya kuboresha wazo la mwingine, ndiyo tuliyoilipa zaidi, kwa kuwa ndiyo inayomlazimisha mtu kusikiliza.

Ninaandika hapa mazungumzo ya kikundi kimoja kama nilivyoyasikia. Wa kwanza alisoma kutoka katika karatasi yake: *On pourrait le planter dans le jardin*, kwamba mwavuli upandwe bustanini. Wenzake walinyamaza kwa muda, wakitazama pointi mbili zilizokuwa zikiwasubiri. Wa pili akasema: *Oui, et en plus on pourrait mettre des tomates dessous*, nyanya ziwekwe chini yake. Wa tatu alianza, *Oui, et en plus les oiseaux…*, akakwama, akapiga mikono kama mabawa na kutoa macho kwa hofu, na yule wa nne, ambaye hakuwa amesema lolote tangu mwanzo, akamalizia: *ont peur !* Ndege wanaogopa. Sentensi hiyo ilijengwa na watu wawili, na nusu yake ya pili ilitoka kwa mwanafunzi ambaye katika maswali ya kawaida hujibu kwa kutikisa kichwa.

Karatasi inayozunguka

Mwaka 1969 Mjerumani Bernd Rohrbach alichapisha mbinu inayojulikana kama 6-3-5: watu 6, kila mmoja akiandika mawazo 3 kwa dakika 5, kisha karatasi inapelekwa kwa jirani, hadi baada ya nusu saa kikundi kiwe na mawazo 108. Mbinu hii inaliondoa kabisa tatizo la zamu, kwa sababu wote wanatoa mawazo kwa wakati mmoja.

Kwa wanafunzi wetu tuliipunguza. Katika mpango wa Rohrbach, mtu wa mwisho kuipokea karatasi ana mawazo 15 ya wenzake ya kuyasoma kabla ya kuandika yake, na msomaji wa A2 angetumia dakika zake zote katika kusoma. Tulipanga vikundi vya watu 4, mawazo 2 kwa kila mzunguko, na muda unaoongezwa kidogo kila karatasi inapohama, kwa kuwa cha kusoma nacho kinaongezeka. Hesabu hiyo huzaa sentensi 32 kwa kikundi, na anayepokea karatasi mwishoni anasoma sentensi 6 tu. Kwa kipindi kimoja hizo zinatosha kabisa.

Mada ilikuwa namna ya kumpokea mwanafunzi mgeni anayejiunga na shule katikati ya mwaka. Karatasi moja niliyoihifadhi inaanza na *On pourrait lui donner un plan de l'école*, apewe ramani ya shule. Aliyefuata alichora mshale na kuongeza *avec les noms des professeurs*, yenye majina ya walimu. Wa tatu akaandika *et leurs photos*, na picha zao. Wa nne, kwa mwandiko mdogo sana pembeni, akaweka *mais des photos drôles*, picha ziwe za kuchekesha. Ukizisoma kwa kufuatana unapata sentensi moja ndefu yenye maneno matatu ya kuunganisha, ndefu kuliko sentensi yoyote ambayo mmoja wao angeiandika peke yake katika insha. Mwenzangu aliona jambo hilohilo katika darasa lake, na alisema kwamba anaichukua karatasi hiyo inayozunguka kuwa somo la sarufi lisilohitaji kutangazwa.

Baada ya kuandika, wanafunzi huzungumza, na hapa tuna sharti ambalo tumeliona lina faida kubwa: hakuna anayesoma wazo lake mwenyewe. Kila mmoja anachagua katika karatasi iliyo mbele yake wazo la mwenzake analolipenda na kulitangaza kwa *quelqu'un propose de*, kuna mtu anapendekeza. Kiunzi hiki nacho hufuatwa na kitenzi kisichonyambuliwa, hivyo kinafundishika kwa dakika moja. Woga hupungua kwa sababu wazo si la anayelisoma, na mwandishi, anapolisikia wazo lake likichaguliwa na mtu mwingine, hujitokeza mwenyewe kulieleza.

Karatasi ya mapengo

Suala la lugha ya kwanza lilitufanya tujadiliane kwa muda mrefu. Kuikataza kabisa wakati wa kuandika kimya kunazaa mawazo yaleyale ambayo mwanafunzi tayari ana maneno yake, na mchezo unakosa uhai. Kuiruhusu bila mpaka kunazaa karatasi ambayo maneno ya Kifaransa yamebaki kuwa wageni wachache. Tuliamua kwamba neno linalokosekana linaweza kuandikwa katika lugha yoyote anayoijua mwanafunzi, lakini liwekwe ndani ya kisanduku, na sentensi yenye kisanduku haipati pointi mpaka kisanduku hicho kifunguliwe. Kikundi hukifungua kwa kumuuliza jirani au kwa kulizungukia neno kwa maelezo kama *la chose pour…*, kitu cha kufanyia jambo fulani. Kamusi ni ya mwisho. Visanduku vyote hunakiliwa katika karatasi moja ya kikundi, ambayo tunaitumia kama daftari la madeni: kilichokopwa kimeandikwa, na kitalipwa.

Merrill Swain, aliyewachunguza wanafunzi wa Kanada waliosomeshwa masomo yao kwa Kifaransa kwa miaka mingi, alionyesha mwaka 1985 kwamba walikuwa wakielewa vizuri sana lakini kusema na kuandika kwao kulibaki nyuma ya wenyeji wa lugha hiyo. Hoja yake ilikuwa kwamba kusikia na kusoma pekee hakutoshi, na baadaye aliongeza kwamba mtu anapojaribu kusema ndipo anapogundua kile asichoweza kukisema. Karatasi za mapengo zinaturuhusu kuuona ugunduzi huo kwa macho.

Zilichotufunulia hatukukitazamia. Tulidhani mapengo yangekuwa majina ya vitu, kwa kuwa mada zetu zilihusu vitu. Majina yalikuwapo, ila visanduku vilivyojirudia katika kikundi baada ya kikundi vilikuwa vya maneno madogo: badala ya, isipokuwa, hata kama, inategemea, angalau. Hayo ni maneno ya mtu anayefikiri, na vitabu tunavyovitumia vinayachelewesha kwa sababu hayaingii katika sura yoyote yenye mada kama usafiri au mavazi. Tumeanza kufundisha *au lieu de*, *sauf*, *même si*, *ça dépend* na *au moins* mapema kuliko mtaala unavyotaka, na wanafunzi wameyapokea kwa hamu, kwa kuwa walikwisha kuyahitaji kabla hatujawapa.

Kuhusu mada: eneo la maana au tukio

Dokezo hili ni fupi lakini lina uzito kwa yeyote anayepanga michezo ya msamiati. Thomas Tinkham, katika majaribio aliyoyachapisha mwaka 1993 na 1997, aliona kwamba maneno mapya ya kundi moja la maana, kwa mfano ya mavazi peke yake, yakifundishwa pamoja huingiliana na kuchukua muda mrefu zaidi kushikika, ilhali maneno yanayokutana katika tukio moja hushikika kwa urahisi zaidi. Robert Waring alipata matokeo yanayofanana kuhusu makundi ya maana mwaka 1997. Kwa hiyo tumeacha kuomba vikundi vitaje matunda yote au rangi zote pale ambapo maneno ni mageni. Tunaomba watoe kila kinachowajia kuhusu treni iliyochelewa, na hapo tiketi, abiria, kusubiri, hasira na begi huja pamoja, kila neno likiwa na kazi yake. Orodha ya kundi moja la maana tunaitumia kwa kurudia tu maneno yaliyokwisha kufahamika.

Masahihisho

Osborn alitaka hukumu iahirishwe, naye alikuwa akifikiria hukumu ya wazo. Katika darasa la lugha kuna hukumu mbili, ya wazo na ya namna lilivyosemwa, na mwanafunzi aliyekatizwa kwa ajili ya kitenzi husikia kwamba wazo lake ndilo lililokataliwa. Tunaziahirisha zote mbili.

Hilo halina maana kwamba makosa yanaachwa. Mchezo unapoendelea mwalimu anatembea na daftari, akiandika sentensi jinsi zilivyotamkwa, bila jina la msemaji. Mchezo unapokwisha, sentensi chache zenye wazo zuri na kosa lililosikika katika meza zaidi ya moja huandikwa ubaoni, na vikundi hupewa kazi ya kuzitengeneza. Tunachagua kwa makusudi mawazo mazuri, ili kutengeneza sentensi kuwe ni kulitendea haki wazo hilo. Kosa lililojitokeza zaidi lilikuwa la kunyambua kitenzi cha pili, kama *on pourrait plante* badala ya *on pourrait planter*, na liliisha karibu lote baada ya vikundi vyenyewe kuieleza kanuni kwa maneno yao.

Tumeamua pia kwamba mwalimu haandiki mawazo ubaoni wakati yanatolewa. Akiandika sentensi yenye kosa, kosa linakaa mbele ya darasa zima. Akiirekebisha anapoandika, amekwisha kuhukumu. Karatasi za vikundi zinatosha.

Waliokimya na wasemaji

Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi ya Marekani katika miaka ya 1970, aliona kwamba walimu kwa kawaida husubiri takribani sekunde moja tu baada ya kuuliza swali, na kwamba wakisubiri sekunde tatu au zaidi majibu huwa marefu na wajitoleaji huongezeka. Ikiwa ndivyo kwa watoto wanaojibu katika lugha ya shule yao, anayejibu katika lugha ya kigeni anastahili kungojwa zaidi. Muda wetu wa kuandika kimya ndio kungoja huko.

Kwa wale wanaotawala mazungumzo hatukutaka kuwanyamazisha, kwa kuwa bidii yao ni mali ya kikundi. Tuliwapa majukumu: katibu, mtunza muda, na muulizaji, ambaye kazi yake ni kuuliza *pourquoi ?* (kwa nini?) na *comment ça ?* (vipi hivyo?) tu, hana ruhusa ya kutoa wazo lake. Jukumu la muulizaji limekuwa zuri kuliko tulivyotarajia kwa wanafunzi wa aina mbili zinazopingana. Msemaji sana analazimika kusikiliza majibu, na anayeogopa kusema ana misemo miwili tu ya kukumbuka lakini kikundi hakiwezi kuendelea bila yeye. Mwanafunzi mmoja wa aina hii ya pili aliniuliza mwisho wa kipindi, «Mwalimu, naomba kipindi kijacho niwe muulizaji tena, kuna swali sikulimaliza.» Zamu yake ilikuwa imekwisha, ila nilimruhusu alimalize mwanzoni mwa kipindi kilichofuata.

Kuelekea mwisho wa muhula: rekodi

Mwanzoni mwa muhula tulirekodi kila kikundi kikijadili mada rahisi bila kanuni ya mchezo, na sasa tumerekodi tena kwa mada ya uzito uleule, bila karatasi na bila pointi. Tulisikiliza mambo matatu: nani anasema, sentensi zinakamilika au zinakatika, na je, anayesema anarejelea alichosema aliyemtangulia.

La tatu ndilo lililobadilika zaidi. Katika rekodi za mwanzo kila mmoja alitoa sentensi yake na kunyamaza, na ungeweza kuzipanga upya sentensi hizo bila kuharibu chochote. Katika rekodi za sasa mpangilio hauwezi kuguswa, kwa sababu sentensi inaanza na *oui, mais* (ndiyo, lakini), *ça dépend* au *au lieu de*, na inajibu kitu. Misemo ya mchezo imebaki ingawa pointi hazipo. Usahihi wa jinsia za nomino haujasogea kwa kiasi cha kuridhisha nje ya *petit bac*, na kwa maoni yangu utahitaji mazoezi ya aina nyingine, kwa kuwa msemaji anayeshughulikia wazo hana nafasi ya kufikiria *le* na *la* kwa wakati mmoja. Mwenzangu anaona kwamba muda wa kuandika ungeweza kubeba kazi hiyo, na tutalijaribu pendekezo lake.

Jambo jingine lililojitokeza katika rekodi ni kwamba vikundi vilivyojua mawazo yao yatatumika vilibishana kwa Kifaransa kwa muda mrefu zaidi. Mada ya mwanafunzi mgeni iliishia katika karatasi ya makaribisho ambayo darasa liliiandika kweli, na ubishi wa nini kiingie na nini kiachwe ulileta *plus utile que* (chenye manufaa kuliko) na *je préfère… parce que* (napendelea… kwa sababu) bila kuombwa. Mwavuli, pamoja na furaha yake yote, haukuwa na hatua hiyo ya kuchagua.

Mpango wa muhula ujao

Kila mchezo sasa utakuwa na hatua tatu, yaani kuandika kimya, kujenga juu ya mawazo ya wenzako, na kuchagua, na hatua ya kuchagua itakuwa na pointi zake: kikundi kitalipwa kwa kila sababu iliyotolewa kwa *parce que*, hata sababu ya kulipinga wazo lililoshinda. Kiunzi cha *et si on* kitaingizwa kwa darasa zima baada ya *imparfait* kurudiwa, na katika muda wa kuandika kila mwanafunzi atapigia mstari nomino zake na kuhakiki vibainishi kabla karatasi haijahama. Karatasi za mapengo za madarasa yote mawili zimekwisha kuunganishwa, na maneno yaliyojirudia zaidi ndiyo yatakayofundishwa katika vipindi vya kwanza, yakianza na *sauf* na *même si*.